Fungunyota la kale linajulikanaje?
Umeuliza fungunyota (kundi la nyota zilizoshikana kwa mvutano) linajulikanaje kuwa la kale, maana halina cheti cha kuzaliwa. Tafuta ndani yake nyota badilifu za aina ya RR Lyrae. Hizi hufifia na kung'aa tena ndani ya saa 5 hadi 24 hivi, na kwa kawaida nyota hufika hatua hiyo ikiwa na miaka zaidi ya bilioni 10. Fungunyota la M3 peke yake lina zaidi ya 200!

Tena mng'aro wao halisi unakaribiana, kwa hiyo inayoonekana hafifu zaidi iko mbali zaidi. Mwaka 1918 mwanaastronomia Harlow Shapley alitumia nyota badilifu hivyo kupima umbali wa mafungunyota, akaona Jua haliko katikati ya Njia Nyeupe, galaksi yetu (umbali aliuzidisha sana, lakini hoja ilisimama).

Ila usiigeuze kanuni hii, ukadhani lisilo na RR Lyrae si la kale: fungunyota la 47 Tucanae ni la kale, na RR Lyrae karibu halina.