Mji unapokea mamilioni ya dola za nyumba na huduma za jamii, mbona hatuzioni? Nilichokiona mimi

Mleta uzi, swali lako na mimi lilininyima usingizi zamani: mji unakokaa huko Marekani unatangaza kila mwaka kwamba umepokea mamilioni ya dola kutoka serikali kuu kwa ajili ya nyumba na huduma za jamii, na wewe miaka sita hujakutana na Mswahili hata mmoja aliyefaidika. Zinaenda wapi? Niko Kentucky, kwenye mji wenye ndugu zetu wengi kutoka Kongo. Nimekaa miaka mitatu kwenye kamati ya wananchi inayosoma maombi ya fedha hizi, na kabla ya hapo nilikuwa upande wa waombaji. Najibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Kubwa kuliko zote ni ruzuku ya maendeleo ya jamii, CDBG (Community Development Block Grant). Ilianzishwa na sheria ya 1974 iliyosainiwa na Rais Gerald Ford, na inatolewa na wizara ya nyumba na maendeleo ya miji, HUD. Mji wenye watu 50,000 na kuendelea kwa kawaida unapata mgao wake moja kwa moja, midogo inapitia jimboni. Nyumbani Tanzania tumezoea ile asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Hii ni tofauti: ile ni mkopo unaotoka kwenye mapato ya halmashauri yenyewe, hii ni fedha ya Washington, inagawanywa kwa hesabu ya idadi ya watu, umaskini, msongamano wa watu ndani ya nyumba na ukongwe wa majengo.

Hapo kwenye hesabu ndipo tunapojiumiza wenyewe. Sensa ya 2020 nilikuwa nasaidia watu wetu kujaza fomu. Baba mmoja aliniambia kwake wako wanne. Mlangoni nimeona jozi tisa za viatu, sita za watoto. Aliogopa fomu ingemfikia mwenye nyumba, na mkataba wake ulikuwa wa watu wanne. Nilimweleza kuwa sheria inakataza ofisi ya sensa kutoa majibu ya mtu kwa mwenye nyumba au kwa idara nyingine yoyote. Alikubali akaandika tisa, lakini najua wengi sikuwafikia. Wale ambao hawakuandikwa ndio watu ambao mji ungehesabiwa.

Sasa matumizi. Mji haugawi noti kwa mtu. Angalau asilimia 70 ya matumizi ya CDBG lazima iwafaidishe watu wa kipato cha chini na cha kati, yaani familia ambazo kipato chao hakizidi asilimia 80 ya kipato cha katikati cha eneo hilo (nusu ya familia ziko juu yake, nusu chini), kwa ukubwa wa familia. Halafu kuna vikomo viwili ambavyo kila mwombaji angepaswa kuvijua kabla hajashika kalamu: huduma za jamii haziruhusiwi kupita asilimia 15, na uendeshaji na mipango haviruhusiwi kupita asilimia 20. Chukua mfano mji umepata dola 2,000,000. Masomo ya jioni ya watoto, chakula cha wazee, ushauri wa kisheria kwa wapangaji, usafiri wa wagonjwa, vyote hivyo vinagombania 300,000. Siku ya kwanza kwenye kamati niliweka maombi mezani, ya huduma peke yake yalizidi fedha iliyokuwepo zaidi ya mara tatu. Nilirudi nyumbani kichwa kinauma, kwa sababu karibu yote yalikuwa ya kweli.

Fedha nyingine inaingia kwenye vitu ambavyo unavikanyaga bila kujua. Mtaa ukiwa na asilimia 51 ya wakazi wa kipato hicho, mji unaweza kutengeneza barabara, njia za waenda kwa miguu, taa, mifereji na viwanja vya watoto. Huenda ulishafaidika na hujaambiwa.

Ila mimi fedha hizi nilizielewa kwa paa la jirani yangu, bibi Mmarekani mweusi, mjane, anayeishi kwenye nyumba aliyoijenga baba yake kabla ya vita vya pili. Paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda. Alikuwa amesogeza kitanda hadi karibu na mlango wa jikoni, na pale kilipokuwa ameweka sufuria tatu. Kipato chake ni pensheni, benki haikumtazama. Tuliomba pamoja kwenye mpango wa mji wa kukarabati nyumba za wenye kipato kidogo. Ilichukua miezi kumi na moja. Kwanza uthibitisho wa kipato na hati ya nyumba (hati ilikuwa bado na jina la baba yake aliyefariki, na hilo peke yake lilikula miezi minne). Kisha uchunguzi wa rangi yenye madini ya risasi, kwa sababu nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 lazima ziangaliwe. Ndipo mkandarasi akapatikana. Fedha ilikuja kama mkopo usio na riba, nyumba ikawekwa dhamana kwa mji, na deni linapungua kila mwaka anaoendelea kukaa humo. Asipohama, litaisha kabisa. Siku ya mvua ya kwanza baada ya ukarabati alinigongea mlango saa mbili usiku akanivuta mkono niende kwake nisikilize. Tulisimama gizani chumbani, hakuna tone. Kitanda kilikuwa kimerudi mahali pake.

Kwa nyumba mpya za kupanga, fungu ni jingine, linaitwa HOME, la sheria ya 1990, na lenyewe ni la nyumba tu, halilipii huduma. Nyumba zinazojengwa nalo zinabaki na kodi nafuu kwa miaka iliyowekwa kwenye mkataba. Ukiona ghorofa jipya lenye orodha ndefu ya wanaosubiri, uliza kama fedha hiyo imo.

Chama chetu tuliomba fungu la huduma, masomo ya jioni kwa watoto wanaoanza Kiingereza. Tukapata. Tuliruka kwa furaha, halafu tukagundua kuwa fedha ni ya kurudishiwa: unatumia kwanza, unapeleka risiti, ndipo unalipwa. Chama cha watu wanaofanya kazi za zamu kwenye maghala kinatoa wapi mishahara ya walimu ya miezi miwili? Tulichangishana kama harusi. Na bado tulipoteza sehemu, kwa sababu madaftari yetu ya mahudhurio hayakuwa na fomu ya kipato ya kila familia. Watoto walifundishwa kweli, ila karatasi hazikuwepo, na bila karatasi mji hauwezi kulipa, maana wakaguzi wa HUD wanakuja kuzisoma. Kama chama chenu ni kichanga, nakusihi ingieni kwanza chini ya shirika lililozoea, mjifunze mahesabu, kisha muombe wenyewe.

Na kikao, jamani. Mji unalazimika kufanya angalau vikao viwili vya hadhara kwa mwaka, na rasimu ya mpango wa mwaka wa kutumia fedha hizi inawekwa wazi siku 30 watu watoe maoni. Cha kwanza nilichohudhuria kilikuwa maktaba, viti arobaini, watu saba, watano wao ni watumishi wa mashirika yanayopata kila mwaka. Mwaka uliofuata nilienda na mama mmoja wa Bukavu, nikamtafsiria. Alisema kwa Kiswahili chake: "Watoto yetu wanatoka masomo saa tisa, siye tunatoka kazi saa moja. Hizo saa ine wanalindwa na nani?" Yule ofisa aliacha kuandika akamtazama. Sheria inautaka mji uambatanishe muhtasari wa maoni kwenye mpango, na sababu kwa yale uliyoyakataa. Maneno ya yule mama yaliingia, na mwaka ule masomo ya jioni yaliwekwa kwenye vipaumbele.

Marais hubadilika, na bajeti za Trump zimependekeza zaidi ya mara moja kuifuta CDBG kabisa. Bunge lao likaendelea kuitengea fedha, karibu dola bilioni 3.3 kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Kwa hiyo usisubiri.

Piga simu idara ya nyumba ya mji wako, uliza tarehe ya kikao kijacho, na mwambie anayepokea kuwa unahitaji mkalimani wa Kiswahili, umwambie mapema. Ukipata rasimu, weka hapa ile orodha ya miradi na mafungu yake, nitaipitia nawe mstari kwa mstari.