Matairi ya trela la kusafiria: anzia kwenye mizani kabla ya kufika dukani

Tairi la kwanza kunipasukia lilikuwa na kashata, yaani michoro ya mpira inayokanyaga barabara, nzuri kuliko zile za gari lililokuwa likivuta trela langu, ile nyumba ndogo ya magurudumu ninayosafiri nayo. Siku moja kabla ya safari nilikuwa nimelikagua kwa namna ambayo wengi wetu hukagua: nilichuchumaa, nikaingiza ukucha kwenye mifereji ya mpira, nikaridhika kwamba bado ina kina cha kutosha, nikainuka nikijifuta mikono. Baada ya mwendo wa saa tatu nilisikia mlio mmoja mzito, ukifuatwa na vishindo mfululizo chini ya sakafu, na niliposimama nilikuta utepe wa mpira wenye nyuzi za chuma umelichapa trela mpaka umetoboa bati la juu ya gurudumu na kukata nyaya za taa. Nilifunga tairi la akiba, nikaendelea na safari nikiamini kwamba mkosi umeshapita. Kesho yake likapasuka tairi lililokuwa jirani yake, upande uleule.

Fundi aliyenipokea mara ya pili hakushangaa hata kidogo. Alinieleza kwamba katika trela lenye ekseli mbili, tairi moja likiishiwa upepo, la jirani hubeba mzigo wa yote mawili mpaka utakapopata mahali pa kusimama, na mwendo huo mfupi unatosha kulijeruhi kwa ndani bila kuacha alama yoyote kwa nje. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba matairi ya trela hayafi kama ya gari. Ni nadra yafike hatua ya kuwa vipara, kwa sababu hushinda yamesimama miezi mingi na hayasukumi chochote; yanayoyaua ni uzito, joto na umri, pamoja na zile kona kali za kurudi nyuma ambapo ekseli mbili huburuzana na ubavu wa tairi hupindishwa mpaka unauonea huruma.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu duka. Pakia trela lako kama unavyolipakia siku ya safari, maji yakiwa kwenye tangi na mitungi ya gesi ikiwa mahali pake, kisha lipeleke kwenye mizani, na kama inawezekana pima kila gurudumu peke yake. Nilipofanya hivyo, magurudumu manne ya trela langu yalibeba jumla ya kilo 2,960, ambazo ukizigawanya kwa nne unapata kilo 740 kwa kila tairi. Matairi niliyokuwa nayo yalikuwa ya kipimo cha ST205/75R14 ya daraja la mzigo C, yenye uwezo wa kilo 800 hivi kila moja, na kwa hesabu hiyo yalionekana kutosha. Mizani ya gurudumu mojamoja ilisema mengine: gurudumu la nyuma kushoto, chini ya jiko na tangi la maji, lilikuwa na kilo 815. Wastani ulikuwa umenidanganya, na ni upande huohuo wa kushoto uliokuwa umenipasukia mara mbili.

Nilihamishia vifaa vizito upande wa kulia mpaka gurudumu hilo likashuka hadi kilo 760, kisha nikanunua matairi ya kipimo kilekile lakini ya daraja D, ambayo hubeba kilo 925 hivi. Mimi hupenda kubaki na akiba ya karibu sehemu moja ya tano ya uwezo wa tairi. Wapo wanaoridhika na ndogo zaidi, lakini hao sidhani kama wamewahi kulala chini ya trela wakiunganisha nyaya kwa tochi.

Hizo herufi zilizoandikwa ubavuni zinastahili kusomwa kwa utulivu. ST maana yake ni kwamba tairi limeundwa kwa ajili ya trela, likiwa na ubavu mgumu unaostahimili mzigo na huko kuburuzwa kwenye kona. Tairi lenye herufi P ni la gari dogo, na ubavu wake laini hulifanya trela liyumbe. Matairi ya LT, yaani ya magari madogo ya mizigo, huwa imara, ila linganisha kilo kwa kilo, maana kwa kipimo kilekile mara nyingi uwezo wake huwa chini ya ule wa ST. Madaraja ya mzigo hupanda kwa herufi, na kwa kawaida C huhitaji upepo wa psi 50 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), D psi 65 na E psi 80. Ukipanda daraja bila kuangalia rimu umehamisha tatizo tu, kwa kuwa rimu nayo ina kikomo chake cha uzito na cha upepo. Hali kadhalika valvu: zile za mpira za kawaida hazikuundwa kwa psi 80, kwa hiyo omba za chuma.

Upepo wenyewe hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi, kabla gurudumu halijazunguka. Ule uwezo wa kubeba uliochapishwa ubavuni hupatikana tu tairi likiwa na upepo kamili ulioandikwa pamoja nao; ukipunguza upepo, ubavu hukunjika na kukunjuka kupita kiasi katika kila mzunguko, joto linapanda, na mpira unaanza kuachana na nyuzi zake. Ukipima mchana ukakuta upepo umepanda, usiupunguze, kwa sababu kupanda huko ni kwa kawaida. Mwendo nao huzalisha joto. Matairi mengi ya zamani ya ST yasiyo na herufi ya mwendo yaliundwa kwa kikomo cha kilomita 105 hivi kwa saa. Yenye herufi huonyesha kikomo chake, kwa mfano L ni 120 na M ni 130. Nikivuta trela, mimi sizidi 95, na wanaonipita wakipiga honi nawatakia safari njema.

Kuhusu umri, tafuta msimbo unaoanza na herufi DOT na usome tarakimu 4 za mwisho. Tairi langu lililopasuka liliandikwa 2211, yaani lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2011, nami nilikuwa nikilitumia kwa mwaka wa 8. Siku hizi nikifika miaka 5 naanza kutafuta mengine, na sivuki 6 hata kashata zikiwa kama mpya. Msimbo kamili wakati mwingine huwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo jiandae kuingia chini ya trela. Dukani usome kabla matairi hayajafungwa. Niliwahi kuletewa matairi manne “mapya” ambayo mawili kati yake yalikuwa yamekaa ghalani miaka mitatu, na muuzaji aliyabadilisha bila ubishi nilipomwonyesha tarakimu.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kampuni gani iliyo bora, na huwa najibu kwa kuuliza kila gurudumu lina kilo ngapi. Tairi la kampuni yenye sifa likizidiwa mzigo litapasuka vilevile. Baada ya uzito, daraja na tarehe kukaa sawa, ndipo jina linapokuwa na maana, na hapo chagua lile ambalo dhamana yake utaweza kuidai ukiwa safarini.

Nimefunga pia vitambuzi vya upepo kwenye valvu, kwa kuwa aliye nyuma ya usukani hahisi tairi la trela linapolegea. Trela likiegeshwa muda mrefu, mimi hufunika matairi yasipigwe na jua. Tairi la akiba nalo huzeeka likiwa limening'inia pale nyuma. Lile nililolifunga siku ya mkosi wangu wa kwanza lilisomeka 2211, kama pacha wake aliyepasuka, na sasa nikinunua nanunua matano.