Jibu: Muuguzi wa Tabora anayebanwa kifua tangu korona

Dada, pole kwa mdogo wako. Kama ulivyouliza, muuguzi aliyeambukizwa korona wodini, na hadi leo hapandi ngazi bila kuhema, mlango wake ni WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Anayechangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Ulemavu wa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara, mwisho miezi 24. Wa kudumu ukizidi asilimia 30 ni pensheni ya kila mwezi. Chini ya hapo, mkupuo, yaani malipo ya mara moja. Kazi ipo kwenye kuthibitisha kwamba aliupata kazini: ratiba ya zamu, majibu ya kipimo, maelezo ya daktari. Atoe nakala za kila kitu! Mimi huku Kigoma faili langu lililala kwenye droo ya mtu miezi mitano, kisa kaenda semina. Ila niambie kwanza, alimjulisha mwajiri ndani ya miezi 12?