Maswali Yenu: Bangi ya Chupa na Bangi ya Msokoto

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu bangi na tiba. Tumechagua tano. Majibu yameandaliwa na jopo letu la dawa na sheria.

Mwanangu ana miaka 6, kilo 20, na anatumia valproeti kwa ajili ya kifafa. Jirani ananishauri nimchemshie majani ya bangi. Shemeji aliye Ulaya anataka kunitumia mafuta ya CBD. Kipi ni salama? — Mama K., Morogoro

Mama K., majani yaweke kando kabisa, na si kwa sababu ya polisi tu. Bangi ina kemikali mbili zinazotajwa sana: THC, ambayo ndiyo inayolevya, na CBD, ambayo hailevyi. Zote mbili haziyeyuki vizuri kwenye maji. Isitoshe, katika mmea mbichi zimo katika umbo la asidi, na zinahitaji joto la kutosha kwa muda wa kutosha ndipo zibadilike kuwa THC na CBD zenyewe. Kwa hiyo kikombe cha leo kinaweza kuwa maji ya kijani tu, na cha kesho, kilichochemshwa na maziwa yenye mafuta, kikamlewesha mtoto. Hakuna mzazi anayeweza kupima dozi namna hiyo.

Mafuta ya shemeji ni suala jingine. Ni kweli ipo dawa ya kifafa inayotokana na bangi. Inaitwa Epidiolex, ina CBD miligramu 100 katika kila mililita, na Marekani iliiidhinisha mwaka 2018 kwa kifafa cha aina mbili adimu na kali: Dravet na Lennox-Gastaut. Mwaka 2020 uliongezwa ugonjwa wa tatu wenye asili ya vinasaba. Kifafa cha kawaida hakimo. Dozi yake huanza na miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku, kisha baada ya wiki moja hupandishwa hadi 5. Kwa mtoto wa kilo 20 dozi ya kuanzia ni miligramu 50 asubuhi na 50 jioni. Hatukupi hesabu hii ili uitumie nyumbani, bali uilinganishe na chupa ya dukani. Chupa ya mililita 30 iliyoandikwa "CBD 500" ina takriban miligramu 17 kwa mililita. Ili ufikie dozi ya kuanzia utampa mililita 6 kwa siku, na chupa itakwisha siku ya tano. Wengi humpa mtoto matone matano, hawaoni badiliko, wakasema dawa haifanyi kazi. Wengine hununua mafuta ya mbegu za mmea huo wakidhani ndiyo CBD, kumbe mbegu karibu hazina CBD yoyote. Hayo ni mafuta ya kupikia.

Jambo la hatari zaidi kwa mwanao ni valproeti. CBD nyingi ikikutana na valproeti, vimeng'enya vya ini hupanda katika damu, dalili kwamba ini linaumia, ndiyo maana wanaopewa dawa hiyo hospitali hupimwa damu kabla ya kuanza, kisha mwezi wa 1, wa 3 na wa 6. Wanaotumia klobazamu, dawa nyingine ya kifafa, nao husinzia kupita kiasi, kwa sababu CBD huizuia isitoke mwilini upesi. Chakula pia kina uzito wake: mlo wenye mafuta mengi unaweza kuongeza CBD inayoingia kwenye damu mara nne au tano, kwa hiyo dozi ile ile, leo na chapati za mafuta, kesho tumbo likiwa tupu, si dozi ile ile.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wangeweza kuishi bila degedege wakipata utambuzi na tiba sahihi ya kawaida. Kabla ya kufikiria CBD, mwulize daktari kama dozi ya valproeti imepandishwa kulingana na uzito wa sasa wa mtoto. Watoto hukua, dozi zikabaki za mwaka juzi. Na usikatishe dawa ghafla. Degedege linalopita dakika 5 ni la kukimbiza hospitali.

Baba anapata tibakemikali na anatapika sana. Rafiki zake wanasema bangi inaponya saratani. — Msomaji, Mombasa

Haiponyi. Kuua seli za saratani kwenye kisahani cha maabara kuna vitu vingi vinavyofanya hivyo, hata jiki. Kupunguza kichefuchefu, hapo ndipo penye ushahidi. Vidonge vyenye THC ya kutengenezwa viwandani viliidhinishwa Marekani mwaka 1985, lakini hutolewa pale dawa za kawaida za kuzuia kutapika zinaposhindwa. Mara nyingi kinachohitajika ni kuzitumia hizo ipasavyo: mgonjwa azimeze kabla ya dripu, na azimeze kwa ratiba siku zinazofuata, asingoje mpaka aanze kutapika. Mwambie muuguzi wake leo hii.

Mzee akipewa keki yenye bangi na marafiki, kosa linajulikana. THC ya kula huchukua dakika 30 hadi saa 2 kuanza kazi. Anakula kipande, haoni kitu, anaongeza cha pili, vyote vinapanda pamoja, na anabaki na hofu, moyo kwenda mbio na kizunguzungu kwa saa nyingi. Mtu dhaifu huanguka. Kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, afadhali asiguse kabisa, kwani damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Na wanaovuta kila siku kwa miaka wapo wanaopata ugonjwa wa kutapika mfululizo unaosababishwa na bangi hiyo hiyo, wakipata nafuu wanapooga maji ya moto.

Nina presha ya macho. Nivute? — Msomaji, Tanga

Hapana. Inashusha presha kwa saa 3 au 4 tu, kwa hiyo ungelazimika kuvuta mara sita au zaidi usiku na mchana. Tumia matone uliyoandikiwa.

Nyinyi wenyewe mna maoni gani? Ihalalishwe kwa tiba au isihalalishwe? — Msomaji, Nakuru

Dawa zihalalishwe, msokoto haumo. Afrika Mashariki tayari tuna mfano mzuri nao ni mofini, dawa ya maumivu makali. Inatokana na utomvu wa mmea ule ule unaotoa heroini, lakini hakuna anayeandamana mgonjwa wa saratani akipewa. Uganda iliruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika tangu mwaka 2004. Chupa ina lebo, kila mililita inajulikana, kabati lina kufuli, daftari lina saini. Dawa ya bangi ikipita njia hiyo hiyo, ya usajili, dozi na daftari, hatuna kipingamizi.

Sasa linganisha na msokoto. Nusu gramu ya bangi yenye THC asilimia 15 ina miligramu 75. Kidonge kidogo kabisa cha THC kina 2.5. Hata kama sehemu kubwa inateketea kwa moto, nani anajua ya mtaani ina asilimia ngapi?

Mjadala wetu una kasoro moja: huanza na mgonjwa, ukaishia shambani. Mwaka 2022 George Wajackoyah aligombea urais Kenya akiahidi bangi ya kuuza nje ilipe deni la taifa. Leseni za Lesotho za mwaka 2017, na mpango wa Rwanda wa mwaka 2020, vilitazama zaidi masoko ya nje. Biashara si dhambi, lakini isiitwe huruma kwa wagonjwa. Desemba 2020 Umoja wa Mataifa ulipiga kura 27 kwa 25 kuitoa bangi katika orodha ya dawa hatari zaidi zisizo na faida kubwa ya tiba. Kenya ilipinga. Wengi walielewa vibaya: bangi imebaki chini ya udhibiti mkali wa kimataifa, na kura ile haikubadili sheria ya nchi yoyote.

Nimeandikiwa bangi na daktari bingwa hapa Uingereza. Naenda Zanzibar kupitia Dubai. Nibebe? — Msomaji, Birmingham

Usibebe. Uingereza iliruhusu madaktari bingwa kuiandika tangu Novemba 2018, na ndani ya Uingereza barua ya daktari wako inakulinda mradi huivuti kwa moto. Barua hiyo haina nguvu Tanzania. Dubai ni hatari zaidi, hata ukiwa unabadilisha ndege tu: mafuta ya CBD yanayouzwa waziwazi London yanaweza kukupeleka mahabusu huko. Cheti cha kubeba dawa za siku 30 cha nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, nacho hakivuki mipaka ya nchi hizo. Onana na daktari wiki kadhaa kabla ya safari, akupangie dawa mbadala na namna ya kupunguza dozi taratibu. Kisha kagua begi upya: kifaa cha kuvukizia, chupa tupu, mifuko ya pembeni. Mabaki kidogo yanatosha kukuletea kesi.