Muulize Daktari wa Mifugo: Simba Akikesha, Mtaa Wote Hukesha

Daktari, salamu. Tuna mbwa wa kienyeji, Simba, wa miaka miwili. Mchana tunamfunga mnyororo chini ya mkorosho kwa ajili ya watoto wa madrasa wanaopita, na saa moja usiku tunamfungulia alinde. Ikifika saa sita anaanza kubweka, ananyamaza, anaanza tena, hadi alfajiri. Mara nyingine analia kwa kuvuta sauti kama mtu aliyefiwa. Mume wangu hutoka akamkaripia na kumrushia ndara. Ananyamaza dakika mbili tu. Mama mkwe anasema anaona majini, tufukize ubani. Shoga yangu anasema nimpe vile vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi. Na jirani, bibi mtu mzima, ameniambia iko siku mbwa huyu atalala asiamke. Nifanyeje?
— Mama Wawili, Muyeye, Malindi

Mama Wawili, pole. Vidonge rudisha kabatini. Dawa ya binadamu haipimwi kwa mbwa kwa kukisia, na hata ukibahatisha kipimo utakuwa umemlaza mlinzi, kilichomwamsha kikabaki palepale. Ubani fukiza, nyumba inukie, mkweo aridhike. Mimi pia nafukiza kila Ijumaa. Lakini kabla ya kuwatafuta majini, tumtafute komba.

Nasema komba kwa sababu nilishaaibishwa naye. Miaka ile nikikaa Barani nilikuwa na mbwa mwekundu, naye alikuwa akibweka hivyo hivyo, na watu wakicheka: daktari wa wanyama, mbwa wake mwenyewe hamwezi. Usiku mmoja nikatoa kiti cha plastiki uani, chupa ya chai ya tangawizi, tochi, na daftari la hesabu la mwanangu. Nikazima taa, nikakaa kimya.

Saa sita na dakika kumi mbwa akasimamisha masikio. Mimi sikusikia kitu. Hilo si ajabu: sikio letu hukomea kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, la mbwa hufika karibu 45,000, na hata sauti za kawaida hunasa zile ndogo ambazo kwetu ni kimya kitupu. Akaenda hadi penye mnazi wa jirani, akainua kichwa, akaanza. Baada ya muda ndipo nami nikasikia kuti linakwaruzwa. Nikamulika. Juu kule macho mawili yanawaka kama makaa, na mwenye macho kaingiza uso mzima ndani ya kibuyu cha mgema. Alinitazama bila haya, akarudi kunywa. Tunasema mtu kalewa kama komba. Mimi nimemwona komba mwenyewe, na mbwa wangu alikuwa anatoa taarifa sahihi kabisa.

Saa saba u nusu, bodaboda. Mbwa alianza kubweka kabla sijausikia mlio wake. Saa kumi na nusu, mzee wa nyumba ya pili akapita na kanzu yake kwenda msikitini. Mbwa akamkimbilia ukutani, akambwekea kwa nguvu zote, mzee akapita zake, mbwa akarudi mkia juu. Hapo nikafunga daftari. Mimi naona mzee anawahi sala ya jamaa. Mbwa anaona amemfukuza mtu, na mtu kweli ameondoka! Kesho anakuja tena, anafukuzwa tena. Ni kazi gani duniani yenye ushindi wa kila siku namna hiyo? Kubweka kwa mlangoni kunajilipa kwenyewe, ndiyo maana hakuishi.

Basi na wewe kakeshe, Mama Wawili, au mtume mume, maana yeye hutoka kila siku. Siku tatu. Andika saa, andika anaelekea wapi, andika sauti yenyewe. Mbweko wa haraka haraka huku uso umeelekea sehemu moja, kuna kitu anachokiona au kukisikia. Mbweko mmoja, kimya, mbweko mmoja, kimya, usioelekea popote: huyo kachoshwa na upweke. Kile kilio cha kuvuta mara nyingi ni kujibu, mbwa wa mtaa wa pili kaanza naye anaitikia. Sauti yoyote ndefu huwaamsha hivyo, ving'ora, hata adhana. Hajaona majini.

Sasa lile ambalo hukuliuliza, na ndilo kubwa. Kwa muda wa saa kumi na mbili nzima Simba yuko kwenye mnyororo. Anafanya nini? Analala. Anatazama kuku. Analala tena. Jua likizama mnamfungulia mbwa wa miaka miwili, kashiba usingizi, miguu inamwasha, halafu mnamwambia alale. Watu wengi pwani wanaamini mbwa afungwe mchana ili awe mkali usiku. Mkali anakuwa kweli, ila ukali wake hauchagui. Hamtofautishi mwizi na kanzu, na nyinyi mkishazoea kelele hamtoki tena hata mwizi akija. Mimi mlinzi anayebweka mara mbili kwa wiki namthamini kuliko huyo wa kila saa.

Mtoeni nje ya ua mara mbili kwa siku. Alfajiri kabla jua halijawa kali, na jioni baada ya alasiri, maji yakiwa yamepwa, mpelekeni pwani kwa kamba ndefu. Si lazima akimbie. Mwacheni anuse: mwani, magamba, mashimo ya kaa, ngalawa zilizolazwa. Nusu saa ya kunusa humchosha mbwa kuliko mnavyodhani, kwa sababu akili nayo inafanya kazi. Akirudi, chakula chake, maji, kisha apumzike. Na mchana, kama hakuna budi kumfunga, mpeni kamba ndefu, kivuli na maji, na mfupa mbichi wa kutafuna. Mfupa uliopikwa hapana, hupasuka vipande vikali vikachoma matumbo.

Anapolala pia pahamisheni. Nabashiri kibanda chake kiko langoni, na ua wenu ni wa makuti yenye mianya. Kila kivuli kinachopita njiani anakiona vipande vipande. Kipelekeni kibanda nyuma, upande wa jikoni, na pale anapochungulia pigilieni makuti mapya mara mbili au kipande cha bati. Mzee wa kanzu akipita asionekane, mchezo unapoteza utamu.

Halafu ndara. Mwambie baba watoto, kwa heshima zangu zote, kwamba mtu akitoka usiku anapiga kelele, mbwa anaona bosi naye amekuja kubweka. Na kama alikuwa anabweka kwa upweke, basi amepata mgeni. Hata ndara ni mazungumzo. Fundisheni neno moja mchana, wakati hakuna ugomvi. Sisi tulitumia “basi”. Abweke kidogo, mseme “basi” kwa sauti ya chini, mngoje anyamaze, mhesabu tatu, mumpe dagaa mmoja. Mara kumi kwa siku, dakika tano tu. Baada ya wiki mbili hivi, kimya kikirefuka, litumieni usiku: toka, tazama anakotazama, mwambie “basi”, arudi nawe nyuma, kwisha. Ametoa habari, umepokea.

Kwa ule mbweko wa upweke, mkishampa matembezi yake na mkahakikisha haumwi, msitoke kabisa. Hapa ndipo watu hushindwa. Siku tatu nne za mwanzo atazidisha, maana zamani kelele zilimletea mtu na sasa hazimleti, basi anaongeza. Mkitoka usiku wa nne mmemfundisha kuwa bei ya kuwaita ni saa mbili za kelele. Kwa hiyo kabla ya kuanza, nenda kwa yule bibi. Nenda na mahamri ukitaka. Mwambie kuanzia Jumatatu kutakuwa na wiki mbaya kisha kutatulia, na umwombe radhi kwa usiku aliokwisha kupoteza. Mtu aliyeambiwa mapema huvumilia. Ile kauli yake isikupite hivi hivi, lakini usimjibu kwa hasira. Kumtilia mbwa sumu ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na hilo nadhani mwanawe mmojawapo anaweza kumkumbusha vizuri kuliko wewe. Simba alishwe sahani yake tu, asizoee kuokota vinavyotupwa ndani ya ua. Siku akionekana anatetemeka na kutoka mate ghafla, usimnyweshe maziwa wala mafuta, mkimbize kwa daktari.

Neno moja la hatari. Mbwa ambaye sauti yake imebadilika ghafla, imekwaruza kama ya mgonjwa wa koo, anadondosha mate, hawezi kumeza, anauma hata vijiti, huyo hana tabia mbaya, huenda ana kichaa cha mbwa. Msimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa. Kaeni mbali, mwite afisa wa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo. Simba amechanjwa? Hukusema. Chanjo ya kwanza ni akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka.

*

Daktari, nimeletewa kijibwa cha wiki sita. Kinalala kwenye boksi nyuma ya jiko na kinalia usiku kucha hadi machozi yananitoka. Nyumbani kwetu mbwa haingii ndani. Nikiache kizoee?
— Kijana wa Mambrui

Kijana, umepewa mapema. Wiki nane ndiyo walau. Hizo mbili zilizobaki zilikuwa za kulala juu ya ndugu zake na kujifunza kwa mama. Jana alikuwa na miili sita ya joto kumzunguka, leo ana boksi. Usimwache alie hadi achoke. Mbwa mtu mzima anayedai mazungumzo ni kitu kingine, huyu ana hofu.

Kwa kuwa haingii ndani, toka wewe. Tandika mkeka barazani, chandarua juu, boksi lake kando yako umbali wa mkono. Nenda ulikomtoa ukaombe kitambaa alicholalia mama yake, usikifue, kiweke ndani. Chupa ya maji ya uvuguvugu, funga vizuri, izungushe kanga kuukuu. Mlishe jioni mapema, mtoe akojoe kabla hujalala, na usiku mara moja au mbili, kwa sababu kibofu cha umri huo hakishiki saa nyingi. Ukimtoa usimchezee wala kumsemesha: akojoe, arudi. Akishatulia siku nne tano, sogeza boksi hatua moja kuelekea nyuma ya jiko, kesho yake nyingine. Kupe wa masikioni na viroboto watafute sasa hivi, huwa nao wanamliza.

*

Mbwa wangu ana miaka 12. Usiku anazunguka, anasimama mbele ya ukuta analia. Jirani anasema ni uzee.
— Msomaji wa Maweni

Huenda ni uzee. Mbwa wakongwe wengine hupotewa na akili kama wazee wetu, wakageuza usiku mchana. Mwachie taa ndogo, gunia nene la kulalia, vitu vya uani visihamishwe, maana macho yake nadhani yameingia ukungu. Lakini mpeleke akaguliwe kwanza. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia mama mmoja maneno hayo ya jirani yako bila hata kumfungua mbwa mdomo. Alirudi baada ya wiki tatu shavu limevimba. Jino la nyuma lilikuwa limeoza hadi kwenye taya. Tuliling'oa asubuhi, na usiku ule ule mbwa akalala. Yule mama hakunilaumu. Alinilipa, akasema, “Daktari, siku nyingine tazama.” Basi mfungue mdomo, mtazame makucha na katikati ya vidole kama kuna funza, mbonyeze viungo vya nyuma uone kama anashtuka, na uende na majibu hayo kwa daktari wako. Dawa za maumivu za kwenye pochi yako usimpe.