Re: Mzee kastaafu, anataka kutia mafao yote kwenye kosta

Mkuu pole, najua unavyojisikia. Uliposema mzee kafikisha 60, kastaafu mwezi wa tatu na keshaenda kuangalia kosta, vile vibasi vya abiria, nimemkumbuka baba yangu, alikuwa anaamka saa kumi na moja vilevile, ananyoosha shati, anachomekea, halafu anakaa barazani mpaka basi la kazini kwao lipite, iliniuma sana aisee. Hela ilivyoingia tu wiki mbili hazijaisha kaleta vifaranga 500, gumboro, ule ugonjwa wa kuku, ikapita wakabaki kama sitini hivi. Kuku sio biashara mbaya, ila yeye alikuwa anaukimbia ule ukimya wa nyumbani.

Kwahiyo usibishane nae kuhusu kosta, atakuona unamdharau. Muombe miezi sita tu, hela ikae fiksidi benki isiguswe, na kwa muda huo awe anashinda na mtu mwenye kosta ajionee mwenyewe hesabu ya siku, tairi, gereji, dereva anayezima simu. Na mpeni kazi hapo nyumbani jamani, wetu alianza kuchangamka siku wazee wa mtaa walipompa daftari la michango ya misiba.