Fedha za korona za wakulima wa Marekani: msilipe

Ndugu wa Kabare, nimeelewa kwamba mtu fulani wa hapa Bukavu anawadai wanachama wa ushirika wenu dola 20 kila mmoja, pamoja na picha ya kadi ya uchaguzi, ili awaandikishe kwenye fedha za korona za wakulima wa Marekani.

Fedha hizo zilikuwapo kweli, na ndiyo maana uongo huu unaaminika: mpango wa serikali ya Marekani wa kuwasaidia wakulima walioathiriwa na korona ulitangazwa Aprili 2020, ukatengewa dola bilioni 16 za malipo ya moja kwa moja, lakini ulikuwa wa wakulima wa huko huko Marekani, waliopeleka maombi katika ofisi ya kilimo ya kaunti yao bila kulipa ada, na upokeaji wa maombi ulifungwa 2021. Muhogo wa Kabare haukuhusika.

Aliyekwisha kutuma fedha kwa simu awasiliane leo hii na kampuni ya simu, ahifadhi ujumbe wa malipo wenye namba iliyopokea, kisha atoe taarifa polisi. Aliyetuma picha ya kadi tu naye amwone wakili, kwa kuwa tapeli anaweza kusajili laini ya simu kwa jina la mwenye kadi. Mwenyekiti wenu mjulisheni mapema, isipokuwa kama ndiye anayekusanya.